Nguzo Mbili, Namba Moja

Sebuleni kwa Baba Bonge hapakuwa na kochi hata moja. Makochi yalihamishiwa uani chini ya turubai zamani, na mgeni akija anakaribishwa huko huko pamoja na kuku. Ndani palijaa meza tatu, kompyuta tatu, na nyaya zilizotambaa chini ya zulia mpaka kwenye kisanduku cheusi kilichokaa juu ya kabati la vyombo, kikinguruma mchana kutwa. Bonge mwenyewe, mtoto mchanga ambaye mashavu yake yalimtangulia popote alipokwenda, alitandikiwa mkeka katikati ya meza hizo, na aliyetaka kupita alimruka.

Nyumba hii ilikula kwa kuchora vyuma. Mtu akitaka kujengewa ghala, darasa au zahanati ya chuma, nguzo na boriti zake hukatwa kwenye karakana ya Mama Vyuma, mwanamke mwenye sauti ya kurudisha lori nyuma. Lakini karakana haikati kipande mpaka kichorwe, na kikichorwa kichorwe hasa, mpaka tundu la bolti la mwisho. Kazi hiyo ndiyo ya watu watatu wa sebule ile: Baba Bonge, mkewe Mama Bonge, na dada mkubwa wa Baba Bonge, ambaye nyumba nzima na mtaa mzima walimwita Dada tu, isipokuwa Mama Bonge aliyemwita wifi. Jengo moja, modeli moja, yaani mchoro mzima wa jengo, ndani ya kile kisanduku cheusi, na wote watatu wanaichora kwa wakati mmoja, kila mtu na upande wake.

Sasa katika kuchora kwa pamoja namna hiyo kuna jambo moja lisilotaka mzaha kabisa, nalo ni namba. Kila kipande cha chuma kina namba yake. Vinavyofanana kama mapacha hupewa namba moja. Kimoja kikitofautiana hata kwa tundu, kinapata nyingine. Namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye mchoro, ndiyo inayogongwa kwenye chuma kwa nyundo, na ndiyo anayoitazama fundi kule kwenye ujenzi akiwa amening'inia juu, jua limemkaa utosini. Yeye hana muda wa kupima. Anaona namba, anainua, anafunga bolti. Na namba hizo kompyuta huzipanga yenyewe ukiiamuru: inatazama namba ya mwisho iliyotumika, inaendelea na inayofuata. Raha tupu, akiamuru mtu mmoja. Wakiamuru wawili kwa pamoja, kila kompyuta inaona ile ile ya mwisho, na kila moja inatoa ile ile inayofuata. Ni kama kugawa namba za foleni kwenye milango miwili ya ofisi moja. Mtakutana dirishani wawili, kila mmoja anaapa kuwa wa kumi na nne ni yeye.

Kwa hiyo Dada, aliyewafundisha wenzake kazi hii kuanzia namna ya kushika kipanya, aliweka utaratibu. Anayetaka kupanga namba anapiga kelele, "Mikono juu!" Hapo kila mtu anahifadhi alichokichora, anainua mikono, na haishushi mpaka asikie, "Haya, shusheni." Hata Bonge alijifunza. Alikuwa anakaa kwenye mkeka vikono vikiwa hewani, mate yakimchuruzika kwa furaha. Siku moja muuza mkaa alikuwa anapita dirishani akasikia mikono juu, akatupa gunia, akainua mikono yake barabarani. Walicheka mpaka Dada akalala chini.

Hayo yalikuwa kabla hawajanuniana.

Kununiana kwenyewe kulianza na neno moja. Mama Vyuma alikuja na mgeni, mkandarasi aliyepewa kazi ya kujenga wodi ya wazazi, amwonyeshe wachoraji wake. Baba Bonge, sifa zimempanda kichwani, akaanza kueleza kazi kana kwamba ameizaa yeye. Mkandarasi akauliza, "Na huyu mama?" akimwelekezea kidevu Dada.

"Huyu?" Baba Bonge alijibu bila hata kugeuka. "Huyu ni msaidizi wangu."

Dada alikwenda jikoni, akawaletea maji kwenye trei, kama msaidizi. Mama Bonge alisikia glasi zinagongana. Wageni walipoondoka ndipo alipofungua mdomo, na alipoufungua hakuubana. Alimkumbusha mdogo wake nani alimfuta kamasi, nani alimtoa kwenye kuzurura akamkalisha mbele ya kompyuta, nani alimfanyia michoro yake ya kwanza akanyamaza sifa zikaenda kwake. Na aliyasema hayo dirisha likiwa wazi, majirani wamenyamaza makusudi wapate kusikia vizuri. Baba Bonge naye ni mwanamume wa kuikumbatia heshima yake kwa mikono miwili. Akanuna. Dada akanuna. Kesho yake Dada akabeba kompyuta yake, akavuta waya mrefu, akahamia stoo mwisho wa korido, kati ya ndoo za rangi na baiskeli mbovu.

Tangu hapo wakawa wanazungumza kupitia kwa Mama Bonge.

"Mwambie huyo wifi yako, boriti zake zimeingia kwenye ukuta wangu."

"Mwambie mumeo, ukuta wake ndio uliofuata boriti zangu. Na kama hajui la kufanya, akamuulize mkandarasi, si ndiye rafiki yake!"

Mama Bonge alikwenda na kurudi kwenye korido ile, mtoto mgongoni, kazi yake mwenyewe imelala kwenye kioo. Aliwapenda wote wawili, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Mume alimpenda, hilo halina maelezo. Wifi alimpenda kwa sababu siku alipoingia nyumba hii kama bi harusi, hakupewa sufuria za kusugua, alivutiwa kiti akaambiwa, "Kaa hapa, nikufundishe. Humu ndani mikono yote inachora." Na alipojifungua, wifi ndiye aliyekuwa akiondoka na Bonge akilia, amtembeze uani, mama mtu apate usingizi.

Kwa hiyo akaanza kuchuja. Ya kazi aliyafikisha, matusi aliyaacha kwenye korido. Halafu akaona ujumbe uliochujwa unafika mkavu mno. Mtu anabaki kamkodolea macho, anangoja mengine. Akaanza kutia sukari.

"Wifi, mdogo wako anaomba utupie jicho boriti za huku. Anasema jicho lako ndilo analoliamini. Ameuliza pia kama ule mgongo umepoa."

Dada angekunja uso, angesema, "Mgongo wangu unamhusu nini yeye," lakini sauti ilikuwa imeshalainika, na boriti zilirekebishwa. Sebuleni nako: "Baba Bonge, dada yako anasema mchoro wa ngazi umetulia." Baba Bonge angejikohoza, angenyoosha kola, na siku hiyo angekula akamaliza sahani. Ukweli ni kwamba Dada alikuwa amesema ngazi ile imechorwa na kuku aliyekanyaga wino. Lakini hayo nani alikuwa na haja nayo?

Mambo yakaenda. Mikono juu haikusikika tena, maana unawezaje kumpigia kelele mtu usiyeongea naye? Aliyetaka kupanga namba alimtuma Mama Bonge, na Mama Bonge alirudi na jibu: tayari, panga. Bonge peke yake ndiye aliyekuwa akiinua mikono mara kwa mara, anatazama huku na huku, haoni mtu wa kumwitikia.

Asubuhi moja Mama Vyuma akapiga simu. Alitaka nguzo zote za wodi, na alizitaka siku hiyo hiyo. Wodi ile paa lake lilikuwa la mteremko mmoja, mbele nguzo ndefu, nyuma fupi. Za mbele zilikuwa za Baba Bonge, za nyuma za Dada.

"Nenda kamwambie huyo malkia wa stoo," Baba Bonge alisema macho yakiwa kwenye kioo, "asiguse namba kabisa asubuhi hii. Napanga za mbele. Nikimaliza nitasema. Na kama kichwa chake hakishiki, aandike kwenye kiganja."

Mama Bonge akambeba Bonge ubavuni, akashika korido, akipanga maneno njiani. Malkia alimtupa. Kiganja alikitupa. Akabakiwa na: wifi, mdogo wako anaomba usubiri kidogo kwenye namba. Akawa anafikiria aongezee nini.

Aliposukuma mlango wa stoo, alimkuta Dada amepiga magoti mbele ya begi kubwa, anakunja nguo.

"Wifi! Safari ya wapi?"

"Kwa shangazi." Dada hakuinua uso. "Nimeshampigia, ana chumba. Nitaondoka na kompyuta yangu, nitafute watu wengine wa kuchora nao. Mkitaka kuendelea, endeleeni."

"Lakini si anakujulia hali kila siku?"

"Salamu zake nazipata, sikatai. Zinanisaidia, bila hizo ningekuwa nimeondoka zamani. Lakini miguu yake mwenyewe haijafika mlango huu, wifi. Nimechoka kukaa na ndoo za rangi kama na mimi ni ya kupakia ukuta."

Macho yake yalikuwa mekundu. Mama Bonge alihisi nyumba nzima inaanza kung'oka bolti moja moja. Wifi akiondoka, Mama Vyuma atachukua wachoraji wengine, maana kazi zake hazibebwi na mtu mmoja na nusu. Lakini hilo lilikuja baadaye kichwani. La kwanza lilikuwa ni kwamba Bonge hatakuwa na mtu wa kumtembeza uani.

"Usiende. Kwanza yeye mwenyewe amenituma kwako sasa hivi."

"Amekutuma useme nini?"

Na hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema namba. Ulimi ukakataa.

"Anasema... anasema nyumba haina raha bila kelele zako. Anasema ameshindwa tu aanzie wapi."

Dada akakalia visigino vyake. Akaitazama blauzi iliyokuwa mkononi kana kwamba ndiyo iliyosema. "Huyo Kijiti kasema hivyo?" Kijiti lilikuwa jina la Baba Bonge la utotoni, na halikuwa limetajwa mle ndani tangu siku ya msaidizi.

"Kasema."

"Apa."

"Wifi, na wewe! Nije nikudanganye na mtoto mkononi?"

Dada akajifuta uso na ile blauzi, akacheka kicheko chenye maji, akaanza kutoa nguo kwenye begi. "Basi mwambie na mimi sina kinyongo. Mwambie kweli, sina. Namalizia nguzo za nyuma, napanga namba sasa hivi, yeye asiguse, halafu nakuja kunywa chai huko huko sebuleni."

Jamani, usimlaumu mtu kabla hujabeba alichobeba. Siku zote zile Mama Bonge alikuwa akitunga maneno matamu kwa jasho lake, na leo kwa mara ya kwanza alikuwa amepewa la kweli, lisilohitaji kuchujwa wala kutiwa kitu. Sina kinyongo! Alitoka nalo mbio kama aliyebeba yai kwenye kijiko, na namba za huku na namba za huko zikamwanguka zote mbili koridoni asisikie hata mlio wake.

"Baba Bonge! Wifi anasema hana kinyongo! Anakuja kunywa chai huku!"

Baba Bonge aliduwaa, kidole kikiwa juu ya kibonyezo. "Mwenyewe kasema?"

"Kwa mdomo wake."

"Na ile ya namba umemwambia?"

"Nimemwambia," alisema Mama Bonge, na kwa jinsi alivyokuwa amefurahi, aliamini kabisa kwamba amemwambia.

Baba Bonge akabonyeza. Stoo nako Dada akabonyeza. Michoro ikaenda karakana mapema kuliko siku zote, na mchana Dada akaja sebuleni, akaketi, akanywa chai. Baba Bonge alisema "karibu," Dada akasema "ahsante," kisha kila mmoja akawa anasubiri mwenzake aanze yale mazuri aliyoahidiwa. Hata hivyo ilikuwa chai, na Mama Bonge alishukuru.

Wiki iliyofuata Cheche akapiga simu. Cheche ndiye msimamizi wa wachomeleaji pale karakana, mtu mpole aliyeungua nyusi zote.

"Baba Bonge, mimi sina shule nyingi," alisema, sauti ikisikika chumba kizima, "lakini nina nguzo mbili hapa, zote zimegongwa N kumi na nne, na moja imempita mwenzake kwa urefu wa mtoto. Niamini ipi? Maana lori lipo getini linasubiri kupakia."

Wakaenda wote, Bonge mgongoni kwa mama yake.

Nguzo zilikuwa zimelazwa juu ya vibao, bado zinanuka moto. Zile mbili zilikuwa zimewekwa pembeni, mbele za watu, kama watoto waliokamatwa wakipigana. Mafundi walikuwa wameacha kazi wamesimama duara, miwani imepandishwa vipajini. Mama Vyuma hakuwasalimia.

"Hizi zingefika kwenye ujenzi," alisema, "wodi ingesimama imeegemea upande kama mlevi. Wodi ya wazazi! Sina maneno mengi. Nataka kujua nani amepanga namba hizi vibaya. Huyo, mchoro wake sitaki kuuona tena humu ndani. Wawili watakaobaki tutaendelea."

Baba Bonge aliangalia mbele. "Mama Bonge, mwambie Mama Vyuma kwamba mimi nilituma neno asubuhi ile. Namba zisiguswe."

"Mama Bonge," alisema Dada, naye akiangalia mbele, "mwambie huyo kwamba neno la namba nililituma mimi. Lake halikufika kwangu."

"Mwambie aache uongo."

"Mwambie uongo anaujua aliyeniita msaidizi."

Fundi mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mama Vyuma alimtazama huyu, akamtazama huyu. "Ninyi ni ndugu wa tumbo moja, na mnasimama bega kwa bega. Kwa nini mnamsemesha huyu mwenye mtoto?"

Macho yote yakamhamia Mama Bonge. Akamsogeza Bonge juu mgongoni, akakaza kanga.

Cheche, mwenye huruma zake, akajaribu kuliokoa jahazi. "Mama, mimi nina wazo. Kosa ni moja tu. Hii ndefu tuigonge upya, tuipe namba nyingine, lori lipakie liende. Ya nani kakosea wakayamalizie nyumbani."

"Hiyo tu ndiyo yenye shida?" Mama Vyuma aliuliza.

"Hiyo tu niliyoiona."

"Haya. Gonga."

Cheche akainama kuchukua nyundo. Na Mama Bonge, ambaye hata yeye ni mchoraji, akaona mbele kilichokuwa kinakuja. Ndugu wale wawili kila mmoja alijua la kwake tu: kwamba yeye alituma neno, na mwenzake akaharibu. Ni yeye peke yake katika karakana nzima aliyejua kwamba walibonyeza wote, asubuhi moja, kwa pamoja. Na kama ni hivyo, si kumi na nne tu. Kila kipande kilichopata namba asubuhi ile kina pacha wa uongo mahali fulani. Nguzo utaziona kwa macho. Lakini kuna pleti, bamba za chuma za miguu ya nguzo, zote za mraba, zote za ukubwa mmoja, tofauti yake ni matundu kusogea kidogo tu. Hizo hakuna jicho litakalozikamata. Zingepanda lori na namba zake safi, zikafungwe kwa nguvu mahali pasipo pake, chini ya paa la wanawake wanaojifungua.

Akinyamaza, lori linaondoka na siri yake inaondoka nalo. Akisema, wale wawili watajua kila kitu. Alipiga moyo konde.

"Cheche, acha. Si hiyo tu."

"Unasemaje?" Mama Vyuma aligeuka.

"Ni zote za asubuhi ile. Na pleti za miguu pia. Walipanga wote wawili wakati mmoja." Alizielekezea kidole nguzo zote zilizolazwa. "Kila mmoja alituma neno kwa mwenzake, wote wanasema kweli. Walinituma mimi. Mimi sikufikisha."

Baba Bonge akamgeukia. "Uliniambia umemwambia!"

"Nilidhani nimemwambia. Nilikuta anafungasha, nikasema mengine."

"Mengine gani?"

Na hapo yakamwagika. Alieleza mbele ya mafundi, mbele ya Mama Vyuma, mbele ya dereva wa lori aliyekuwa amesogea kusikiliza. Alieleza kuhusu kuchuja. Alieleza kuhusu sukari. Kila alipotaja ujumbe mmoja aliona uso mmoja unaanguka, wa mume au wa wifi, kama mtu aliyefungua zawadi akaikuta tupu.

"Na ile ngazi?" Baba Bonge aliuliza kwa sauti ndogo. "Kwamba imetulia?"

"Alisema imechorwa na kuku aliyekanyaga wino."

Cheche alishindwa, akaenda kucheka nyuma ya mtungi wa gesi.

"Na kwamba hana kinyongo? Nayo ulitunga?"

"Hiyo hapana. Hiyo aliisema mwenyewe. Ndiyo iliyonipoteza, Baba Bonge. Niliifurahia mno, nikasahau vingine vyote."

Baba Bonge alimtazama dada yake, mara ya kwanza tangu siku ile kumtazama usoni hasa, na Dada akatazama pembeni.

"Kwa hiyo wa kuondoka ni wewe," alisema Mama Vyuma kwa Mama Bonge, bila ukali sasa, lakini bila kuyumba. "Nilishasema. Aliyeharibu ni mmoja."

"Ni mimi."

"Haondoki," alisema Dada. "Samahani, Mama Vyuma, lakini hapo umekosea mlango. Mtoto wa watu tulimfanya waya wa simu, halafu waya ukikatika tunaupiga mateke? Ukimwondoa huyu, ondoa na mimi."

"Na mimi," alisema Baba Bonge. Halafu, kwa kuwa mambo mazito yalikuwa hayamtoki kirahisi, akamgeukia dada yake akafoka: "Na wewe nawe! Unafungasha begi unakwenda kwa shangazi, hata kuniambia? Mimi ni mti?"

"Ningekuambiaje, na wewe uliziba masikio kwa sifa?"

"Ungenipiga hata kofi!"

"Nilikuwa stoo! Ungekuja ungelipata!"

Walifokeana hivyo palepale, moja kwa moja, bila tarishi, na Mama Bonge akasikia matusi yote aliyokuwa akiyatupa koridoni yakifika kwa mwenyewe yakiwa mazima. Hakuna aliyekufa. Baba Bonge alipoishiwa na pumzi, Mama Vyuma akapiga kofi moja kwenye nguzo.

"Basi! Lori lirudi kesho. Nataka kila kipande cha siku hiyo kipimwe upya na kipewe namba yake. Na kuanzia leo nataka mtu mmoja wa kujibu habari za namba. Mkubwa wenu kwenye kazi hii ni nani?"

Baba Bonge akakuna sikio. Akakuna na la pili.

"Muulize dada," alisema.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa neno tu. Kwa Baba Bonge lilikuwa ni kuomba radhi na hata kupiga magoti. Dada alilipokea, akanyoosha mkono, akapewa futi ya kupimia.

Walifanya kazi mpaka mchana ukapinda. Baba Bonge alisoma urefu kwa sauti, Cheche alisaga namba za zamani kwa mashine, Dada aliandika mpya kwa brashi na rangi nyekundu, tayari kwa kugongwa. Pleti za miguu walizikuta kweli, zimepangwa juu ya nyingine, namba moja, matundu tofauti. Dada alizigeuza mkononi muda mrefu, kisha akamtazama Mama Bonge na kutikisa kichwa.

Walipopumzika, Dada alikuja kukaa naye juu ya rundo la mabomba.

"Lile la mgongo," Dada alianza. "Alilokuwa anauliza kila siku."

"Lilikuwa langu, wifi."

"Na la jicho langu, kwamba ndilo analoliamini?"

"Langu."

"Na kwamba nyumba haina raha?"

Mama Bonge aliinamisha kichwa. "Nisamehe, wifi. Nilikuona na begi."

Dada alikuwa akiishi kwa maneno yale. Asubuhi alikuwa akiyasubiri kabla ya kuwasha kompyuta, na akiyapata anafanya kazi, na asipoyapata siku inamuwia ndefu. Alijifuta jasho, akajipaka rangi nyekundu shavuni asijue.

"Basi si yeye aliyekuwa akinijulia hali," alisema polepole. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Kila siku."

"Ndiyo, wifi."

"Na wewe je? Sisi tulikuwa tunakujaza maneno yetu, unakwenda unarudi, mtoto mgongoni, kazi yako imelala. Wewe nani alikuwa anakuuliza u hali gani?"

Mama Bonge alifungua mdomo aseme salama. Ndilo jibu la kila mtu, na yeye alikuwa fundi wa majibu. Alitafuta la kusema lililo zuri, lenye sukari hata kidogo, akakuta hana.

"Nimechoka, wifi," alisema, na machozi yakaanza kumtoka hapo juu ya mabomba, mbele ya mafundi wote.

Dada akaweka brashi chini. Akamzunguka, akafungua kanga taratibu, akamtoa mtoto mgongoni, akamweka begani kwake.

"Lala," alisema. "Jilaze hapo hapo. Tutakuamsha tukimaliza."